Inalia mara tano kisha inanyamaza: kompyuta ya Maalim wa Wete

Swali

"Assalaam alaykum, fundi. Mimi ni mwalimu wa skuli, naishi Wete, Pemba. Nina kompyuta ya mezani, HP Compaq ya mtumba, tumeitumia miaka minne bila ya tatizo. Wiki iliyopita umeme ulikatika usiku mvua ikinyesha, ukarudi, ukakatika tena, hivyo hivyo mara tatu. Asubuhi nimeiwasha, feni inazunguka lakini skrini haileti kitu, na taa ya mbele inapepesa nyekundu huku inalia. Kwa muda sasa ilikuwa pia inarudisha tarehe nyuma kila ikichomolewa. Fundi wa hapa kaitazama dakika mbili, akasema mazabodi imekufa ninunue nyingine, au nimwachie ajaribu kuipiga Windows upya. Mle ndani mna maswali ya mitihani ya miaka minne na picha za harusi ya binti yangu. Nimekutumia na video fupi. Nifanyeje?"

Jibu

Waalaykum salaam, Maalim. Naanza na la haraka: usiiwashe tena mpaka ufuate hatua nitakazokupa hapa, na usimruhusu mtu yeyote aipige Windows, yaani kuifuta na kuiweka upya. Kwa ulivyonieleza, kazi zako na picha za binti yako zimo kwenye hadi diski, kile kifaa kinachohifadhi mafaili yako, kama ulivyoziacha. Sijaona dalili hata moja kwamba diski imeguswa. Kitakachozifuta ni haraka ya mtu.

Hebu yatazame tena maneno ya fundi wako. Kasema mazabodi, ule ubao mkuu unaounganisha vipande vyote, imekufa, na papo hapo kasema anaweza kujaribu kuipiga Windows. Hayo mawili hayakai pamoja. Windows inakaa kwenye hadi diski, na ili uipige upya lazima mazabodi iwe hai, ilete picha, isome fleshi. Kompyuta yenye skrini nyeusi tangu unapobonyeza kitufe haijafika hata mlangoni kwa Windows.

Ukibonyeza kitufe, pawa saplai ndiyo inayoamka kwanza, inageuza umeme wa ukutani wa volti 230 kuwa volti ndogo ndogo za 12, 5 na 3.3. Mazabodi ikishapata umeme safi, programu ndogo iliyomo ndani yake, bayosi, inaanza kukagua: prosesa, ubongo wa kompyuta, ipo? RAM, kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, ipo na inajibu? Kifaa cha kuleta picha kipo? Hayo yote yakikubali ndipo skrini inapoonyesha nembo, na baada ya nembo ndipo inapokwenda kwenye hadi diski kuitafuta Windows. Yako imekwama kwenye ukaguzi, na kwa kuwa haina skrini ya kukwambia imekwama wapi, inakwambia kwa taa na sauti. Mazabodi inayoweza kulalamika kwa mpangilio ina uhai ndani yake.

Sasa video yako. Nimeisikiliza mara kadhaa nikihesabu kwa vidole: inalia tano, kimya kama cha sekunde mbili, tano tena. Kwenye HP Compaq za ofisini za aina hiyo, idadi ina maana yake. Mbili ni prosesa imepata joto kupita kiasi. Nne ni umeme, yaani pawa saplai imeshindwa au kuna kitu kinaivuta. Tano ni RAM. Sita ni upande wa picha. Saba ndiyo mazabodi. Yako imesema tano, haikusema saba. Na jambo jengine: sauti hujirudia mara tano tu kisha inanyamaza, inabaki taa peke yake ikipepesa. Pengine fundi wako alipofika ilishanyamaza, akaona skrini nyeusi na taa nyekundu, akahukumu. Simlaumu sana kwa kutosikia. Namlaumu kwa kutoizima na kuiwasha tena akasikiliza.

Kwa hiyo tunakwenda kwenye RAM, na kazi hii unaweza kuifanya mwenyewe mezani kwako.

Chomoa waya wa umeme ukutani, usitosheke na kuzima swichi. Chomoa na waya wa skrini, kibodi, mausi, kila kitu. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kama sekunde kumi na tano, ili umeme uliobaki ndani umalizike. Litoe kasha nje barazani penye mwanga. Ukishalifungua, gusa chuma chake kwa mkono mtupu kabla hujagusa kingine, ili mwili wako usipeleke umeme tuli kwenye vipande.

Utakuta vumbi. Nyumba zetu za karibu na bahari vumbi lake halikauki, linashika kama unga uliotiwa maji kidogo, kwa sababu ya chumvi iliyomo kwenye upepo. Tumia brashi mpya ya rangi, laini, na uishike feni kwa kidole isizunguke. Angalia pia kama kuna mjusi aliyekaukia ndani au sisimizi waliohamia. Mimi nimeshatoa vya kutosha, na mjusi mmoja akilala juu ya nyaya mbili anatosha kuunguza kifaa. Kisha zitazame kapasita, vile vikopo vidogo vilivyosimama juu ya mazabodi. Vichwa vyao vinatakiwa viwe bapa. Kikiwepo kilichovimba kichwa au kilichotoa ute wa kahawia, nipigie picha.

RAM ni vile vipande vyembamba virefu vilivyosimama kwenye matundu marefu karibu na prosesa. Kila mwisho kuna kibanio. Visukume vibanio nje, kipande kinajiinua chenyewe, kitoe kwa kukishika kingo. Kwa chini utaona mstari wa meno ya rangi ya dhahabu. Hapo ndipo nataka ukae, Maalim, uinamishe kipande kwenye jua uyatazame meno yale vizuri. Yakiwa mazima yanang'aa sawasawa kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Yakiwa na ugonjwa yana ukungu, kama kijiko cha shaba kilichosahauliwa jikoni, na mara nyingine kuna doa jeusi dogo kuliko kichwa cha sindano kwenye jino moja tu. Jino hilo moja linatosha kukunyima skrini.

Wewe ni mwalimu, raba ya kufutia penseli haikosekani nyumbani kwako. Chukua iliyo nyeupe na laini, sugua meno taratibu kwa upande mmoja, kutoka juu kuja chini, usiende mbele na nyuma kwa nguvu. Pande zote mbili. Pangusa makombo ya raba, halafu pitisha pamba yenye spiriti ya dukani ya kusafishia vidonda, kidogo tu, uiache ikauke kabisa. Msasa usiuguse, wala steliwaya ya kusugulia masufuria, kwa sababu ile dhahabu ni utando mwembamba mno na ukishautoa haurudi. Mafuta ya kulainisha na manukato pia hayahusiki hapa, ingawa nimeona watu wakivitia.

Tundu lenyewe lipige brashi kavu. Kisha rudisha kipande kimoja tu, hata kama umetoa viwili. Kwenye nyingi za HP za ofisini tundu la rangi nyeusi ndilo linalotakiwa lijazwe kwanza, basi anza na hilo. Kipande kina pengo dogo chini, lioane na kituta kilichomo kwenye tundu. Likikataa umekigeuza, usilazimishe. Sukuma kwa vidole gumba viwili, pande zote mbili kwa pamoja, mpaka usikie vibanio vimejifunga wenyewe. Watu wengi wanaogopa kusukuma, kipande kinakaa nusu, kisha wanasema RAM imekufa.

Rudisha waya wa umeme, skrini na kibodi, uwashe. Ikileta nembo, alhamdulillahi, izime, ongeza kipande cha pili. Ikilia tano tena, toa cha kwanza ujaribu cha pili peke yake. Ikiwa vyote viwili vinakataa kila tundu, hapo azima kipande kinachofanya kazi kwenye kompyuta ya mwenzako, cha aina ile ile. Aina imeandikwa kwenye kibandiko, DDR3 kwa mfano, na aina tofauti hazioani kwa sababu pengo la chini liko mahali pengine. Kipande kizima cha kuazima nacho kikilia tano kwenye matundu yote, hapo ndipo nitakubali kwamba tatizo liko kwenye matundu au mazabodi yenyewe, na fundi wako atakuwa amesema kweli. Mpaka sasa hajathibitisha.

Utaniuliza: kama ni meno ya RAM, mbona limekuja usiku ule ule wa umeme? Kwa sababu kompyuta inapowaka inapata joto, vyuma vinatanuka, ikizimika vinapoa na kujikunja. Jino lenye ukungu lililokuwa limeshikilia kwa shida miezi yote linaachia siku hiyo. Inawezekana pia kwamba umeme uliporudi kwa kishindo ulikiua kipande kimoja cha RAM moja kwa moja. Majaribio ya kipande kimoja kimoja ndiyo yatakayotofautisha. Hukuniambia kompyuta imekaa wapi, lakini kama iko karibu na dirisha linaloingiza upepo wa bahari, ihamishe.

Nakuja kwenye tarehe inayorudi nyuma. Hiyo ni betri ndogo ya duara kama sarafu, imekaa kwenye mazabodi, kazi yake ni kuilinda saa na mipangilio ya bayosi wakati hakuna umeme. Namba yake ni CR2032, volti 3. Imeisha, na inabadilishwa kwa dakika moja. Tarehe ikiwa ya zamani kurasa nyingi za intaneti zinakataa kufunguka, kwa sababu vyeti vyao vya usalama vina tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kompyuta inaona vyeti hivyo havijaanza kutumika.

Lakini lipo la kujihadhari nalo hapa. Betri ikiisha kabisa, bayosi inaweza kurudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na mmoja wapo ni namna ya kuzungumza na hadi diski. Kama Windows yako iliwekwa kwa namna moja, AHCI kwa mfano, na bayosi imerudi kwenye nyengine, utafurahi kuona nembo, kisha skrini inageuka buluu na inasema haiwezi kufikia diski ya kuanzia, pengine na namba 0x7B. Fundi mwenye haraka akiona buluu hiyo anachomeka fleshi apige Windows. Usikubali. Ingia kwenye bayosi, kwenye HP ni kwa kubonyeza F10 mara tu inapowaka, tafuta mahali palipoandikwa SATA, ndiyo njia inayounganisha hadi diski na mazabodi, andika kwenye karatasi palivyo sasa, kisha ujaribu chaguo jengine. Mara nyingi Windows inafunguka kama haikuwa na kitu. Ndiyo maana nakwambia betri uibadilishe mwisho, RAM ikishakubali. Ukibadilisha vitu viwili kwa mpigo hutajua kipi kilichoponya na kipi kilichoharibu.

Sasa ngoja nikwambie kwa nini nimeshikilia sana habari ya kupiga Windows. Unguja ilikaa gizani miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010, baada ya njia ya umeme kutoka bara kuharibika. Watu walitumia majenereta madogo, umeme wake unapanda na kushuka, na kompyuta zilizoletwa kwangu wakati ule na baada yake zilikuwa nyingi. Nilikuwa kijana, najifunza kazi kwa kasi. Akaja mama mmoja na kompyuta inayoganda kwenye kuwaka. Nikaipiga Windows, nikafuta diski nzima, kwa muda wa saa mbili kazi imekwisha, inakimbia kama mpya. Alinishukuru, akalipa, akenda zake. Kesho yake asubuhi alirudi akakaa kwenye benchi langu, akaniuliza kwa sauti ya chini sauti za baba yake ziko wapi. Alikuwa amemrekodi mzee akisoma Kurani mwaka aliofariki, na hakuwa na nakala pengine. Sikumuuliza kabla sijafuta. Tangu siku ile sigusi diski ya mtu kabla sijamuuliza mna nini ndani, na kabla sijakitoa.

Kwa hiyo ikiwaka, Maalim, kazi ya kwanza siyo kufurahia bali ni kunakili. Chukua fleshi kubwa au diski ya nje, nakili folda ya mitihani na ya picha, kisha uifungue nakala kwenye kompyuta nyengine uhakikishe picha zinafunguka. Baada ya hapo ndiyo uendelee na mengine.

Na ikikataa kuwaka kabisa, bado usikate tamaa. Hadi diski inatoka kwa skrubu chache. Kuna waya wa kubadilisha SATA kwenda USB, unachomeka kwenye laptop ya mwenzako, diski inaonekana kama fleshi. Nunua wenye kichwa chake cha umeme, kwa sababu diski ya kompyuta ya mezani inataka volti 12 ambazo USB ya laptop haitoi. Laptop ikikwambia diski inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika, jibu ni hapana, kila mara, hata ikiuliza mara kumi. Nenda kwenye folda ya Users, ingia kwenye jina lako, utakuta Desktop, Documents na Pictures. Ikikuzuia kwa ruhusa, bonyeza kuendelea na usubiri.

Kitu kimoja kitakachokusimamisha ni sauti. Diski ikigonga ka, ka, ka, ichomoe hapo hapo. Vichwa vinavyosoma vinakosa njia, na kila sekunde inayozunguka huenda vinakwangua pale palipo picha zako. Diski ya namna hiyo ifunge kwenye kitambaa kikavu, uitie kwenye kiboksi, umpe mtu unayemwamini aje nayo kwenye boti ameipakata. Isiingie kwenye mizigo.

Juu ya umeme wa nyumba nitasema machache, ingawa hukuuliza. Pemba inapata umeme kwa waya wa baharini kutoka upande wa Tanga tangu 2010, na wanaoyakumbuka majenereta ya Wesha wanajua tumetoka wapi. Lakini umeme wowote ukikatika, ile dakika ya kurudi ndiyo mbaya, kwa sababu mafriji na mapampu ya mtaa mzima yanaamka kwa pamoja. Ukikatika, chomoa. Ukirudi, ngoja dakika tano. Ukipata frijigadi, kile kifaa cha kulinda vyombo, inayochelewesha umeme, hata ile ya friji, inasaidia. UPS, kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika, ni bora zaidi kwa kuwa inakupa nafasi ya kuhifadhi na kuzima taratibu, ila betri yake kwenye joto letu haidumu, na UPS yenye betri iliyokufa inakuacha gizani pamoja na kazi yako. Mvua ya radi, chomoa na waya wa intaneti pia.

Na niambie: ukigusa chuma cha kasha ukiwa miguu mitupu, unahisi mkono unachonyota? Ikiwa ndiyo, nyumba haina ethi, ule waya unaopeleka umeme unaovuja ardhini, au plagi yako haifikishi ethi. Angalia kama mmechomeka plagi ya pini mbili kwa kusukuma kijiti kwenye tundu la juu. Waya wa kompyuta ni wa pini tatu, na ile pini ya tatu ndiyo inayouondoa umeme unaovuja kwenye kasha. Muite fundi umeme aitazame, kwa ajili ya watoto kabla ya kompyuta.

Ikishawaka mtu atakwambia uweke Windows 11. Mashine ya umri huo haikubaliki rasmi, na Windows 10 msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Hilo tutalizungumza siku nyengine, na lina njia zake, lakini lisikuharakishe wiki hii.

Ukiifungua, kabla hujatia raba kwenye meno, yapige picha karibu kwenye mwanga wa jua, pamoja na kibandiko cha RAM, unitumie. Nitakwambia ni aina gani ya kuazima, na nitaona kama ni ukungu au ni kuungua.